Ukaazi wa kudumu wa Kanada ukiwa umekaa sana Mtwara: hesabu ya siku na jinsi ya kuomba kurudi

Nina steshenari ndogo Chikongola, mjini Mtwara. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, najazia watu fomu za mtandaoni. Kila mwaka, minada ya korosho ikishafungwa, huja jamaa wawili watatu wenye makaratasi ya Kanada. Mmoja alikuja kuuguza mama Mikindani, mwingine kusimamia nyumba Newala, mwingine mirathi ya baba imemshika Masasi mwaka wa pili huu. Swali lao huwa lile lile: "Naweza kukaa nyumbani muda gani kabla hawajaninyang'anya ukaazi?"

Wengi wameshapewa jibu la kijiweni: miezi sita. Wengine wameambiwa mwaka mmoja. Hayo ni masharti ya nchi nyingine, yamechanganywa tu. Sheria ya uhamiaji ya Kanada, kifungu cha 28, inamtaka mkaazi wa kudumu awe na siku 730 za kuwepo Kanada ndani ya kila kipindi cha miaka mitano. Hazilazimiki kufuatana. Unaweza kukaa nje karibu miaka mitatu mfululizo ukabaki salama, na mwenzako anayekuja nyumbani kila mwaka kwa miezi minane akajikuta amepungukiwa.

Kabla ya hesabu, tenganisha kadi na ukaazi wenyewe

Hapa ndipo watu wanapokosa usingizi bure. Ile kadi ya mkaazi wa kudumu, ambayo kwa kawaida hudumu miaka mitano, ni kitambulisho cha kusafiria. Ikiisha muda wake ukiwa Ligula, ukaazi wako haujafa. Unabaki mkaazi wa kudumu mpaka afisa aamue rasmi kwamba hukutimiza siku na uamuzi huo ukamilike, au mpaka wewe mwenyewe uuachie kwa maandishi, au uwe raia wa Kanada.

Kinyume chake pia kipo. Kadi inaweza kuwa nzima, imebaki miaka miwili, na siku zako zikawa zimeshapungua. Ukifika uwanja wa ndege kule, afisa akihesabu anaweza kukuandikia ripoti. Kuingia utaingia, kwa sababu mkaazi wa kudumu ana haki ya kuingia, lakini utakuwa umebeba kesi.

Hatua ya kwanza: hesabu, na uhesabu kurudi nyuma

Chukua daftari. Andika kila tarehe uliyotoka Kanada na kila tarehe uliyoingia, ukisoma kwenye mihuri ya pasipoti zako zote, ya zamani na mpya. Miaka mitano inayotazamwa huhesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ombi lako linapopokelewa, au siku unaposimama mbele ya afisa mpakani. Dirisha hilo linatembea kila siku, halisubiri kadi yako iishe.

Kama bado hujatimiza miaka mitano tangu upewe ukaazi, wanaangalia kama siku zilizobaki zinatosha kufikisha 730. Nitoe mfano ambao nimeshauchora kwenye karatasi mara nyingi. Mtu aliyepata ukaazi 1 Machi 2022, miaka yake mitano ya kwanza inaisha 28 Februari 2027. Jumla ni siku 1,826, kwa kuwa Februari ya 2024 ilikuwa na siku 29. Tuseme aliondoka Kanada 15 Septemba 2023. Hadi siku hiyo alikuwa na siku 564. Anadaiwa 166. Ukizihesabu kutoka 28 Februari 2027 kurudi nyuma, unaangukia 16 Septemba 2026. Hiyo ndiyo siku yake ya mwisho ya kutua. Akisema asubiri kwanza mnada wa Oktoba auze korosho zake, ameshazidisha.

Na akitua siku hiyo hiyo, hajamaliza. Kuanzia Machi 2027, kila siku mpya anayoipata Kanada, siku moja ya mwaka 2022 inadondoka kwenye dirisha. Akibaki kule anabaki na 730 zake, hazipandi wala hazishuki. Akipanda ndege kuja kwenye unyago wa binti wa kaka yake kwa wiki tatu, tayari yuko chini. Watu wanaolenga 730 kamili hunifanya nikune kichwa. Jiwekee akiba ya mwezi au miwili, maana safari yetu hii ina mambo yake. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar kule Somanga, Kilwa, na mabasi ya Mtwara na Lindi yakakwama.

Hatua ya pili: tazama kama kuna siku za nje zinazohesabiwa

Zipo, ila ni chache kuliko watu wanavyodhani. Siku unazokaa nje ukiwa pamoja na mume au mke ambaye ni raia wa Kanada zinahesabiwa kama uko Kanada. Mtoto anayefuatana na mzazi raia naye anahesabiwa. Na aliyeajiriwa muda wote na kampuni ya Kanada au serikali ya kule, akatumwa kituo cha nje, zinahesabiwa pia. Mume au mke wake mkaazi aliyefuatana naye vilevile.

Neno la kushika ni "kutumwa". Sisi Mtwara tunakumbuka Artumas, kampuni ya Calgary iliyoendeleza gesi ya Mnazi Bay na kuleta umeme wa gesi mjini. Mtu aliyeletwa na kampuni ya namna hiyo kutoka makao yake Kanada, akijulikana kwamba kazi ikiisha anarudi kule, anaweza kudai siku zake. Aliyekuja likizo, akapata ajira hapa hapa, hata mwajiri awe na jina la Kanada, atabanwa. Kufungua kampuni ya karatasi kule ili ikuajiri wewe ukiwa Shangani, kanuni zimeshaliona hilo na zimelikataa kwa maneno.

Ukitumia njia ya mwenzi raia, uwe na cheti cha ndoa, kopi ya pasipoti yake ya Kanada, na ushahidi kwamba mlikaa pamoja. Mume yuko Toronto na wewe uko Nachingwea, hapo hakuna kufuatana.

Hatua ya tatu: kama hujaondoka bado

Mwenye kadi iliyobakiza chini ya miezi tisa aombe mpya kabla ya kukata tiketi. Ni fomu IMM 5444, inajazwa kwenye tovuti ya uhamiaji ya Kanada, ada dola 50 za kule. Ombi hilo linatumwa ukiwa ndani ya Kanada, na kadi haitumwi nje. Nimeshaulizwa kama binamu anaweza kuipokea kule na kuituma kwa msafiri. Ombi likitoka Mtwara limekosewa tangu mwanzo, tusifike huko kwa binamu.

Hatua ya nne: kadi imeisha na uko huku

Shirika la ndege halitakupandisha bila kadi hai. Unachoomba ni hati ya kusafiria ya mkaazi wa kudumu. Ada yake pia ni dola 50, na malipo ni kwa kadi ya benki mtandaoni, kwa hiyo hakikisha ya kwako inakubali manunuzi ya nje. Hati hii kwa kawaida ni ya kuingia mara moja. Ukishafika, ndipo unaomba kadi mpya.

Anza na pasipoti. Ikiwa imeisha, nenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, Mtwara au Lindi. Pasipoti ya kielektroniki ada yake ni shilingi 150,000. Hata ile ya zamani usiitupe, mihuri yake ndiyo ushahidi wako.

Kisha picha. Kwa kuwa hii ndiyo kazi yangu niseme kwa herufi kubwa: PICHA YA UKAAZI WA KANADA NI MILIMITA 50 KWA 70. Ile ndogo ya pasipoti yetu haifai, na kuivuta kwenye kompyuta hadi ifike kipimo hakusaidii, kwa sababu uso kuanzia kidevu hadi utosini unatakiwa uwe kati ya milimita 31 na 36. Mwambie mpiga picha kipimo kabla hajabonyeza.

Kwenye fomu kuna jedwali la safari. Jaza zote za miaka mitano, pamoja na zile ndogo. Mtu wa Nanyumbu aliyevuka daraja la Mtambaswala kwenda kusalimia wajomba Msumbiji anaona hiyo siyo safari. Kama ulishakuwa nje ya Kanada, siku hizo haziongezi wala kupunguza kitu, lakini muhuri upo na jedwali halisemi. Afisa akiona kimoja kimefichwa, atatilia shaka na vingine. Na usibahatishe tarehe za kutoka Kanada: tangu 2020 mashirika ya ndege hupeleka taarifa za wanaoondoka kule. Ukisahau, unaweza kuomba kumbukumbu za safari zako kwa wakala wa mipaka wa Kanada.

Ushahidi wa kwamba ulikuwepo kule ni slipu za mshahara, hesabu za kodi ya mapato za kila mwaka, mkataba wa pango, taarifa za benki zinazoonyesha manunuzi ya dukani. Barua ya rafiki inayosema "namfahamu, alikuwepo" iweke mwisho kabisa, au iache.

Karatasi yoyote ya Kiswahili itafsiriwe Kiingereza au Kifaransa. Mtafsiri asiye na idhini rasmi ya kazi hiyo aape mbele ya wakili, na asiwe ndugu yako. Mpwa wako anayesoma chuo, hata awe na Kiingereza kizuri namna gani, hapana.

Ukitumwa kupeleka pasipoti, kituo cha kupokelea maombi ya viza ya Kanada kiko Dar es Salaam. Ni kilomita kama 560 za basi kutoka Mtwara, kwa hiyo hakiki makaratasi yote huku kabla hujakata tiketi.

Hatua ya tano: siku hazitoshi

Usidanganye tarehe. Omba hati hiyo hiyo, lakini eleza sababu za kibinadamu. Sheria inamruhusu afisa kukuachia ukaazi japo siku zimepungua, na inamtaka aangalie pia maslahi ya mtoto anayeguswa na uamuzi huo. Atapima umepungukiwa kwa kiasi gani, kwa nini uliondoka, kwa nini hukurudi mapema ulipoweza, na umeacha nini Kanada.

Swali la tatu ndilo linaloangusha watu. "Mama alikuwa mgonjwa" linaeleweka. Lakini mama alifariki Juni na wewe umeomba kurudi Machi ya pili yake. Hiyo miezi katikati ulikuwa unafanya nini? Huku kwetu jibu liko wazi: matanga, arobaini, kikao cha ukoo, halafu ukateuliwa msimamizi wa mirathi na Mahakama ya Mwanzo ikakuita mara nne. Afisa hajui hayo, na huwezi kuandika "mila zetu" ukaishia hapo. Weka cheti cha kifo cha RITA, muhtasari wa kikao cha familia, barua ya uteuzi wa msimamizi, tarehe za mahakama. Kwa ugonjwa, omba ripoti ya daktari yenye tarehe za kulazwa na kuruhusiwa, iwe ya hospitali ya Ligula, Ndanda au Nyangao. Kadi ya kliniki iliyochakaa haielezi kwamba mgonjwa alihitaji mtu wa kumgeuza kitandani.

Barua yako ya maelezo iwe ya kurasa mbili, ifuate tarehe, kila tarehe na karatasi yake. Korosho na ujenzi wa nyumba usiziweke kama sababu. Najua zilikuweka, lakini mbele ya afisa huo ni uamuzi wako mwenyewe.

Ukikataliwa

Aliyekataliwa hati akiwa nje ya Kanada ana siku 60 za kukata rufaa kwenye kitengo cha rufaa za uhamiaji. Zianze kuhesabiwa kichwani mwako siku ile ile unapopata barua. Kama ulikuwepo Kanada walau mara moja ndani ya siku 365 zilizopita, unaweza kupewa hati ya kurudi kule wakati rufaa inasubiri. Hapo tafuta mwakilishi mwenye leseni ya Kanada. Mimi wa steshenari nafika mwisho wangu.

Aliyefanikiwa kuingia bila kuandikiwa ripoti, ilhali anajua siku zake hazijafika, asikimbilie kuomba kadi mpya wiki ya kwanza. Ombi hilo ndilo litakaloita hesabu. Akae, afanye kazi, siku zijae ndipo aombe.

Wapo wanaoniambia bora wachukue uraia wa kule waondokane na hesabu hizi. Uraia nao una yake: siku 1,095 ndani ya miaka mitano kabla ya ombi. Na mtu mzima akiuchukua, anapoteza uraia wa Tanzania, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu uraia pacha. Ukaazi wa kudumu haugusi uraia wako hata kidogo, ndiyo maana wazee wengi wenye mashamba Tandahimba wanabaki nao miaka ishirini, na daftari la tarehe ndani ya begi.