Kabla ya Kuushuka Mlima Kitonga kwa Gari Dogo

Dereva anayetoka Iringa kuelekea Morogoro huukuta mteremko wa Kitonga baada ya kuipita Ilula, na kona zake zinazofuatana hazimpi nafasi ya kurekebisha alichokipuuza kabla ya safari. Ukaguzi ufanyike mjini, kwa fundi, matairi yakiwa bado ya baridi.

Tuanze na matairi, kwa sababu gari zima huishika barabara kwa sehemu nne tu, kila moja ikikaribia ukubwa wa kiganja. Ushikaji huo mdogo ndio unaogawanywa kati ya kufunga breki na kukata kona: tairi likiutumia wote kupunguza mwendo, halibakiwi na nguvu ya kuligeuza gari, na usukani huzungushwa bila gari kuufuata. Nchi nyingi hukubali mifereji ya tairi yenye kina cha milimita 1.6, lakini maji yanahitaji njia ya kutokea chini ya tairi, na binafsi nisingesafiri msimu wa mvua na tairi lililokaribia kipimo hicho. Wanaonunua matairi ya mtumba wasome pia tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015, na mpira wa umri huo huwa umekakamaa hata kama mifereji inapendeza. Upepo ujazwe kwa kufuata kibandiko cha mlangoni kwa dereva, ambacho mara nyingi hutaja kipimo cha gari tupu na cha gari lenye mzigo. Wengi hupima gari likiwa tupu, kisha wakifika Ilula hupakia matenga ya nyanya kwenye buti, muda mfupi tu kabla ya mteremko.

Kwenye breki, unene wa pedi hautoshi kuulizwa peke yake. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa: ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, ila yakishalowa kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanika, na pedali huzama hadi chini bila gari kusimama. Injini ikiwa inaunguruma, kanyaga pedali kwa nguvu uishikilie. Ikiendelea kuzama taratibu kuna uvujaji, na safari iahirishwe. Taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki, nayo iwake unapofungua swichi na izime injini ikishawaka. Jaribu pia kufunga breki kwenye barabara tambarare uone kama usukani unavutwa upande mmoja.

Gia nzito, yaani ya namba ndogo, iingizwe kabla mteremko haujaanza, ili injini ndiyo izuie mwendo na breki zipumzike. Mwenye gari la otomatiki ajue mapema L au 2, ambazo ndizo gia zake nzito, iko wapi. Kushuka kwa nyutro hakuokoi mafuta kwenye injini za kisasa, ambazo hukata mafuta zenyewe mguu ukiondolewa kwenye akselereta, na kuzima injini kabisa huufanya usukani kuwa mzito na kuinyima breki msaada wake. Harufu ya kuungua ikisikika, egesha penye nafasi, nje kabisa ya njia, uziache breki zipoe zenyewe bila kuzimwagia maji.