Somo: Kupiga picha kwenye theluji ya Kilimanjaro bila kuua kamera

Wakuu, kila msimu wa kupanda ukifika napokea swali moja: "Napanda Kili wiki ijayo, kamera itapona?" Naandika mara moja tu. Atakayeuliza tena namtumia uzi huu. Kazi yangu ni picha za harusi hapa Sinza, na mlima nimepanda mara nne.

1. Kamera moja, lenzi moja. Hiyo ya pili utaibeba kwa nguvu za nani saa tisa usiku?

2. Jaketi na glavu: mitumba, Karume. Glavu nyembamba ndani, nene juu yake.

3. Betri tatu, mfuko wa ndani karibu na ngozi, siyo kwenye begi. Betri ikipoa inadanganya kwamba imeisha. Ibane kwapani dakika kumi, nyingi huamka. Usiku lala nazo.

4. Mwanga. Kamera ikiona weupe mtupu inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na theluji inatoka rangi ya jivu kama shuka lililofuliwa pamoja na jinzi. Ongeza kwa kitufe cha +/-, kuanzia +1 hadi +2. Sasa sisi weusi: theluji ikitoka safi, uso unaweza kubaki kivuli. Usimwekee mtu jua mgongoni. Mgeuze aitazame theluji inayopigwa na jua, itamrudishia mwanga usoni kama lile duara la fedha ambalo kijana wangu hushika ukumbini. Na piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, mwanga utaurekebisha baadaye.

5. UNYEVU. Hapa soma taratibu. Baridi haikuua kamera yangu, joto ndilo liliiua. Nilikuwa kwenye vibanda vya Kibo, mita 4,720, jioni nimetoka kupiga kilele cha Mawenzi. Nikarudi na kamera mkononi hadi kwenye chumba kilichojaa watu wanaohema na soksi zinazokauka. Dakika moja tu, kamera yote inatoka jasho. Kitu hiki unakijua: toka kwenye kiyoyozi Posta mwezi wa Desemba, miwani inakuwa nyeupe. Mimi nikafuta kwa fulana, nikaona nimemaliza. Tena nikafungua lenzi nitazame ndani, ujinga wa pili, unyevu ukaingia hadi kwenye kioo cha nyuma. Saa sita usiku tukaondoka, maji yale yakaganda. Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, mita 5,685, jua linachomoza, naona utandu wa barafu kwenye lenzi. Nikaihemea "haah" nifute. Pumzi ikaganda palepale, utandu ukawa mnene zaidi. Picha zangu zote za Uhuru ni maziwa matupu, na yule mteja nilimrudishia hela yake.

Kwa hiyo: ukiwa BADO NJE, toa kadi na betri, tia kamera kwenye begi lisilopitisha maji, kamua hewa, funga. Ndani usiifungue saa mbili nzima. Usihemee lenzi, tumia brashi. Usiifiche ndani ya jaketi ukiwa unapanda, jasho lako ni unyevu uleule.

6. Kileleni, mita 5,895, kuna foleni ya kupiga picha kwenye ubao wa kilele. Piga, pisha wenzako. Ukitokea Stella Point, kituo kingine cha ukingoni, barafu kubwa ziko kushoto kwako, hizo ndizo picha.

MASWALI

Mzee wa Tandika: Mkuu nimepitia juu juu. Betri naweka wapi?

Mleta mada: Namba 3.

Mzee wa Tandika: Nimeuliza kistaarabu lakini.

Mleta mada: Nami nimejibu kistaarabu. Namba 3.

Simu Tu: Wenye simu tumetengwa?

Mleta mada: Hapana. Ikae mfukoni na betri. Gusa uso kwenye kioo, vuta mwanga juu. Ukiwa na glavu piga kwa kitufe cha sauti.

Chagga Original: Mbona mimi niliingia nayo ndani na haikufanya kitu? Unatisha watu.

Mleta mada: Ulilala wapi?

Chagga Original: Hema, Machame.

Mleta mada: Hema lina baridi karibu sawa na nje. Mimi nimeandika chumba kilichojaa watu. Tusome kwanza, ndugu yangu.

Kijana wa Mbagala: Droni je?

Mleta mada: Bila kibali cha hifadhi na cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), iache nyumbani.

Mama Neema: Samahani mwanangu, binti yangu anasoma Norwe, wenzake wanampeleka milimani kuteleza kwa skii nje ya njia zilizotengenezwa. Anataka kuwapiga picha. Haya yanamfaa?

Mleta mada: Shikamoo mama. Yanamfaa yote, hasa namba 5. Mtu wa skii ana kasi, aanzie 1/1000 ya sekunde, alenge mapema mahali mwenzake atakapopita, jua likiwa pembeni ili vumbi la theluji lionekane. Kubwa kuliko yote: kule watu huvaa kifaa cha kutuma mawimbi ili wakifukiwa na poromoko watafutwe. Simu na kamera vinakivuruga. Akae navyo sentimita 20 mbali nacho, na wakati wa kutafuta mtu, 50. Na asisimame chini ya mteremko kusubiri picha, hata iwe nzuri vipi. Akiwa na swali aniandikie mwenyewe.

Mama Neema: Marahaba, ubarikiwe. Namtumia sasa hivi.

Fundi Lenzi: Nyongeza: ndani ya begi la kamera weka mchele mkavu.

Mleta mada: Mchele una vumbi, fundi. Chukua zile pakiti ndogo za kwenye maboksi ya viatu. Mtaa wa Kongo wananipa bure, wanazitupa.

Simu Tu: Duka gani?

Mleta mada: Lolote la viatu.