Njumu Zinunuliwe Mwisho: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumsajili Mtoto Katika Klabu ya Mtaa

Kila Januari, klabu yetu ya soka ya watoto hapa Kisumu inapofungua daftari la usajili, sinema ni ile ile. Mzazi anafika Jumamosi asubuhi na mtoto wa miaka minane aliyevaa njumu za mtumba kutoka soko la Kibuye, zimesuguliwa mpaka zinang'aa, na jezi ya Gor Mahia inayomfika magotini. Ukimwomba nakala ya cheti cha kuzaliwa, ameiacha nyumbani. Nambari ya mtu wa pili tunayeweza kumpigia simu, hana. Chupa ya maji? "Kwani nyinyi hamtoi maji?" Daftari hilo nalishika mimi, huu mwaka wa nne, nami nimejifunza kwamba pesa ya njumu ndiyo hutoka kwanza na maswali ya maana huja baadaye, wakati mwingine yakiwa yamechelewa.

Kwa hivyo kabla ya kwenda Kibuye, nenda kwanza uwanjani. Nenda siku ya mazoezi bila kumwambia mtu, usimame pembeni kwa saa moja. Usiangalie mpira, angalia watu wazima. Wako wangapi? Mtoto akipoteza mpira, kocha anamwambiaje? Mdogo akitaka kwenda chooni, anapelekwa na nani? Na mazoezi yakiisha, nani anabaki na yule mtoto wa mwisho ambaye hajachukuliwa? Katika klabu yetu hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mmoja, na kocha hamwandikii mtoto ujumbe. Anaandika kwenye kundi la wazazi. Uliza kama klabu unayoiendea nayo ina utaratibu wa namna hiyo. Wala usione haya kuuliza, maana FIFA yenyewe ilitoa mwongozo wa kuwalinda watoto michezoni mwaka 2019 na kuutuma kwa mashirikisho yote. Kocha akikasirika kwa sababu umeuliza, mtafutie mwanao timu nyingine. Na nambari 116, ya kuripoti mambo ya watoto, iweke kwenye simu. Haitozwi pesa na inapokea usiku na mchana.

Hapa nikiri kosa letu. Jioni moja tulimkabidhi mtoto wa miaka saba kwa mwanamume aliyesema ni mjomba wake. Mtoto alimrukia kwa furaha, sisi tukaona mambo sawa. Kweli alikuwa mjomba. Lakini hakumpigia mama simu, alimpitisha kwa nyanya yake Nyamasaria, na mama alizunguka Manyatta nzima akilia hadi saa mbili usiku. Tangu siku hiyo daftari lina safu ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, majina mawili au matatu, na asiye kwenye orodha anasubiri tupige simu, hata awe mchungaji. Kabla hujafika kusajili, amua majina hayo. Ukitumia bodaboda, awe mwendeshaji mmoja mnayemjua, na umpe mtoto kofia ngumu yake mwenyewe. Kumbuka pia kwamba huku kwetu ikweta iko karibu sana, pale Maseno tu, na jua likizama mwendo wa saa kumi na mbili na dakika arobaini, giza halingoji. Klabu inayomaliza mazoezi saa kumi na mbili unusu inakuandalia matatizo.

Sasa makaratasi. Nakala ya cheti cha kuzaliwa ndiyo ya kwanza, na umri ulioandikwa humo uwe wa kweli. Najua kuna wazazi wanaoshawishiwa kupunguza miaka ili kijana aonekane nyota. Tulishawahi kucheza na timu ambayo beki wake wa "chini ya miaka kumi" alikuwa na sauti nzito kuliko ya refa. Watoto wetu waliogopa kumkaribia, na walikuwa na haki. Tena ujanja huo hauna mbele: tangu Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 la mwaka 2009 kule Nigeria, FIFA hutumia picha za MRI za kifundo cha mkono kuchunguza umri. Kuna sababu nyingine ambayo wazazi wengi hawaijui. Kanuni za FIFA za fidia ya mafunzo huhesabu malezi ya mchezaji kuanzia mwaka anaotimiza miaka 12. Kijana akija kuwa wa kulipwa ng'ambo, klabu ya mtaa iliyomlea inaweza kudai sehemu yake, mradi imesajiliwa na shirikisho na ina rekodi. Kwa hivyo uliza klabu imesajiliwa wapi, na mwaka hadi mwaka uhakikishe jina la mtoto limeandikwa vile vile, si leo Otieno, kesho Junior.

Pamoja na cheti, hakikisha mtoto yumo kwenye usajili wako wa SHA, bima ya afya ya serikali, kama mtegemezi. Ukipiga *147# utaanza hapo. Usingoje mkono uvunjike ndipo uanze kutafuta nambari ya kitambulisho ukiwa kwenye foleni ya hospitali.

Afya ndiyo sehemu ninayoiombea muda wenu zaidi. Eneo hili la ziwa lina watoto wengi wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell), na wazazi wengi huificha wakihofia mtoto atakataliwa. Tafadhali msitufiche. Mtoto mwenye selimundu hahukumiwi kukaa nyumbani, ila daktari wake ndiye wa kusema anaweza kukimbia kiasi gani, nasi lazima tujue ili anywe maji mara kwa mara, apumzike kabla hajachoka, na asibaki na jezi iliyolowa kwenye upepo. Maji yakimpungukia, au baridi ikimpiga, maumivu makali yanaweza kumwanzia hapo hapo uwanjani. Kocha asiyejua atadhani anadeka. Vile vile mwenye pumu: inhela iwe kwenye begi lake, si kabatini nyumbani, na mtoto ajue kuitumia. Mwenye kifafa pia. Andika haya yote kwenye karatasi moja, pamoja na dawa zinazomdhuru, utupe sisi. Na mtoto aliyeamka na homa asije, hata kama ni fainali. Huku malaria ni ya mwaka mzima. Mpeleke apimwe, mpira utamngoja.

Maji kila mtoto aje na yake, yaliyochemshwa au kutiwa dawa, kwenye chupa yenye jina. Kisumu tumeshakiona kipindupindu vya kutosha kujua kwamba kikombe kimoja hakipitishwi kwa midomo ishirini. Na kwa wanaoishi upande wa Dunga na Nyalenda: mkataze mtoto kuoga ziwani baada ya mazoezi. Maji ya kando ya ziwa, pale kwenye matete na konokono, ndipo kichocho kinapopatikana. Vijidudu vyake hupenya ngozi bila mtoto kuhisi kitu.

Halafu kuna radi. Wageni hushangaa jinsi mawingu yanavyojikusanya hapa alasiri: saa nane jua linaunguza, saa kumi mbingu ni nyeusi kama sufuria ya kijiji. Watoto wetu wamezoea kucheza mvuani, na wazazi nao wamezoea kukimbilia chini ya mwembe ulio karibu na goli. Mwembe ndio mahali pabaya zaidi, na goli la chuma nalo si rafiki. Utaratibu unaofaa ni huu: ukisikia ngurumo, hata ya mbali, mpira umesimama. Wote waingie kwenye jengo la kudumu au ndani ya gari lililofungwa, na hamrudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Nimebishana na makocha waliosema "bado dakika tano tu." Uliza klabu unayoiendea inakimbilia wapi radi ikianza. Wakinyoosha kidole kuelekea mtini, umeshapata jibu.

Mkiwa hapo, tikiseni magoli. Goli la kubebeka lisilofungwa chini linaweza kumwangukia mtoto anayening'inia kwenye mwamba, na watoto wote hupenda kuning'inia.

Chakula si hesabu ngumu. Ugali wa kushiba saa saba na mazoezi saa nane havipatani. Uji, ndizi au kiazi kitamu muda wa saa mbili kabla ya mazoezi vinatosha, mlo mzito uje jioni. Kuhusu kupiga kichwa, sisi hatuwafundishi walio chini ya miaka kumi, na Marekani walishakataza kwa umri huo tangu 2015. Mtoto akigongwa kichwa, akawa anaduwaa, anatapika au analalamika kichwa kinamuuma, anatoka na harudi siku hiyo, halafu anapelekwa hospitali. Mzazi usimlazimishe kocha amrudishe.

Kwa wenye binti, niseme kidogo. Kuna akina baba wanaomleta kijana na kumwacha dada yake nyumbani aoshe vyombo. Timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA ilikuwa ya wasichana wa chini ya miaka 17, mwaka 2024, katika Jamhuri ya Dominika. Vihiga Queens, hapa jirani, walicheza Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake ilipoanzishwa mwaka 2021. Unapomsajili binti, uliza kama kuna choo chenye mlango unaofungika, kama kuna mama katika benchi la ufundi, na kama sanduku la huduma ya kwanza lina sodo. Letu halikuwa nazo kwa miaka miwili, kwa sababu aliyekuwa akilijaza alikuwa mwanamume na hakuna aliyemwambia.

Familia nayo ina sehemu yake. Klabu nzuri haichukui mtoto tu ikakuacha getini. Sisi tuna kikao cha wazazi mwanzo wa kila muhula, saa ya kazi za shule kabla ya mazoezi ya Jumatano, na siku ya familia likizo ya Agosti, ambapo akina mama hucheza dhidi ya akina baba na kwa kawaida akina baba huishiwa pumzi kwanza. Ada ni ndogo, lakini inalipwa kwa nambari ya klabu, si ya kocha, na risiti inatoka. Asiyeweza kulipa hufua vizibao au husimamia maji, na watoto hawaambiwi nani ni nani. Kabla ya kujiunga, jiulize kwa kweli: je, Jumamosi mbili kwa muhula unaweza kuzitoa? Na je, unaweza kukaa pembeni dakika arobaini bila kumfokea refa wa miaka kumi na saba?

Safari nazo. Mkiitwa kucheza Nakuru, ni kama kilomita 180 na kule juu baridi ya asubuhi si ya Kisumu. Sweta ni lazima, na watoto watahema haraka siku ya kwanza. Matatu ya abiria 14 ibebe 14, kila mtoto kiti chake, na mrudi mchana. Kwa safari yoyote mzazi hutia sahihi karatasi inayosema wanalala wapi na nani anawasimamia. Akitokea mtu wa "kupeleka kijana Ulaya" anayetaka pesa za pasipoti, mwambie kwamba FIFA hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine isipokuwa kwa hali chache sana, kisha utuletee jina lake.

Ukishayamaliza haya, sasa nenda Kibuye, Jumapili asubuhi na mapema kabla wenye maduka hawajachagua. Nenda na mtoto, na soksi ndefu atakazovaa. Kunja soli: gundi ikifunguka, rudisha. Bonyeza kwa kidole gumba mbele ya vidole vyake. Nafasi ya kidole kimoja inatosha, usimnunulie za kukulia miaka miwili. Kwa uwanja wetu wa murram, meno mafupi mengi ni bora kuliko marefu machache. Usisahau kinga za ugoko, kwa sababu sheria ya 4 ya mchezo inazitaka na refa atamtoa asiye nazo. Mpira wa nyumbani uwe nambari 3 kwa mdogo, nambari 4 kuanzia miaka minane hivi, na nambari 5 akifika kumi na tatu. Halafu andika jina lake ndani ya ulimi wa kiatu kwa kalamu isiyofutika. Kabatini tuna njumu tatu, zote za mguu wa kushoto, na wenyewe hawajajitokeza.