Kufunga kioo cha mbele cha gari la zamani kwa kamba na sabuni

Kioo cha kwanza nilichofunga kwa mikono yangu kiliingia jioni bila shida. Asubuhi nikakikuta na ufa kutoka pembe ya chini hadi karibu na katikati. Hakuna aliyekigonga. Chini ya raba inayokizunguka kulikuwa na donge la lehemu, unene wake kama ukucha, nalo lilikuwa likikisukuma kioo usiku kucha. Gari lilikuwa Volkswagen Beetle, lile la kioo bapa. Tangu siku hiyo muda wangu mwingi unaishia kwenye bati, yaani ukingo wa chuma wa tundu la kioo.

Kutoa kioo ni kazi ndogo. Raba kuukuu usiihurumie: ikate kwa kisu kikali upande wa nje, zunguka kioo chote, kisha mmoja asukume polepole kutoka ndani huku mwingine akipokea nje. Vaeni glavu. Kioo kisimamishe juu ya blanketi, usikilaze. Ni matabaka mawili yaliyobanana na plastiki katikati, na ukingo wake ukimeguka kidogo tu kwenye saruji, ufa utaanzia hapo.

Sasa bati. Pitisha kidole ukingo wote, hasa pembe za chini, maana ndiko maji hutuama na kutu huanza. Kutu ikwangue mpaka uone chuma kinachong'aa. Palipotoboka pachomelewe na kusagwa hadi pawe sawa na pengine, kisha praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe. Iache ikauke kabisa; mimi husubiri wiki nzima, kwa sababu rangi mbichi huganda kwenye raba na kubanduka nayo. Halafu shikilia kioo kitupu mbele ya tundu lake, bila raba, utazame kama nafasi inalingana pande zote. Nisingekuwa na haraka ile siku, donge langu ningeligundua hapa.

Raba mpya ianike juani ilainike. Ina mifereji miwili: mmoja wa kushika kioo, mwingine wa kushika bati. Ivishe kioo ukianzia kwenye pembe, maungio yake yaje chini katikati. Kama gari lako lina urembo wa kromu unaokaa ndani ya raba, kama Beetle nyingi, utie sasa hivi. Kioo kikishaingia utahangaika bure. Kuna raba za aina nyingine zenye utepe wa kukaza, na huo hutiwa mwisho.

Chukua kamba laini ya nailoni, milimita 4 au 5, ndefu kuliko mzingo wa kioo. Ilaze ndani ya mfereji wa bati, ncha zipishane kama sentimita 20 chini katikati na zining'inie upande wa ndani. Paka maji ya sabuni kwenye raba na kwenye bati, usibane mkono. Grisi na mafuta hapana, huozesha raba.

Kazi yenyewe ni ya watu wawili wanaosikilizana. Wa nje anaweka kioo na kukibonyeza kwa viganja. Wa ndani anavuta kamba kuelekea katikati ya kioo, na mdomo wa raba unaruka ukingo wa bati kidogo kidogo. Anzeni chini, pandeni kwenye pembe na ubavuni, malizieni juu. Kiganja cha nje kifuate kamba inapofika, palepale. Ikikwama, msishindane nayo: ongezeni sabuni, au toeni kioo muanze upya. Mimi nimewahi kuanza upya mara tatu kwa gari moja.

Kuhusu gundi, usitumie silikoni inayonuka siki. Asidi yake inakula chuma, na kuibandua baadaye ni adhabu. Tafuta mastiki, gundi nzito ya kuzibia maji, isiyokauka ikawa ngumu, inua mdomo wa raba kwa kijiti cha plastiki, jaza kati ya raba na kioo, kisha kati ya raba na bati. Inayotoka nje ifute kabla haijashika vumbi.

Jaribu kwa mpira wa maji usio na kasi, ukianzia chini na kupanda polepole, huku mwenzako akiwa ndani na tochi na karatasi kavu. Dashibodi ikilowa, usikimbilie kuilaumu raba. Mara mbili nimeshafungua kioo kizima, kumbe maji yanapita kwenye matundu ya waipa.