Unataka msumeno wa moto wa kukatia kuni? Soma hapa kabla hujatoa pesa

Assalaam aleikum ndugu zangu. Skuizi vijana wengi wanataka msumeno wa moto, mwengine ana miembe mizee shamba, mwengine anauza kuni kwa wenye tanuri za mikate na wapishi wa shughuli, mwengine anakatia minazi ilioanguka, na suala ni lile lile, ninunue upi? Mie nasema nunua ule ambao cheni yake, plagi yake na fundi wake unawapata hapa hapa kisiwani Pemba. Mambo ya cc ngapi (yaani ukubwa wa injini) na rangi gani yanakuja baadae.

Sababu sie tuko kisiwani bwana. Mashine ikikatika kamba ya stata au kabureta ikiharibika, na spea Chake hakuna na Wete hakuna, basi unasubiri itoke Unguja na boti, na Unguja wakikosa inaagizwa Dar, mashine imelala huku wateja washahamia kwa mwengine. Kwa hio kabla ya kwenda dukani pita kwanza kwa fundi anaezitengeneza mashine hizi karibu na kwenu, muulize anazifungua zipi sana, zipi ana spea zake pale pale, zipi zikija anazirudisha. Halafu ndio uende dukani na jawabu lake.

Haya, ukubwa. Kwa magogo ya kuni yenye unene wa futi moja hivi mpaka moja na nusu, injini ya cc 45 mpaka 50 na bapa la inchi 16 au 18 inatosha kabisa (bapa nakusudia lile chuma refu ambalo cheni inazunguka juu yake). Stihl MS 250 ina cc 45.4, Husqvarna 450 ina cc 50.2, ndio daraja hilo. Vidogo kama MS 170, ya cc 30, vizuri sana kwa matawi lakini ukikipeleka kwenye gogo la mwembe kila siku utakiuwa mapema. Kubwa za cc 70 na kupanda ni za watu wa kupasua mbao, zinakula petroli na nzito, mtu wa kuni akishika moja kutwa nzima mikono inamfa ganzi. Na usidanganywe ukafunga bapa la inchi 24 kwenye injini ya cc 45 ati ukate magogo makubwa, cheni inakosa nguvu, klachi inaungua, na wewe unazidi kulikandamiza gogo.

Zile za Kichina za 5200 na 5800 ziko nyingi na bei yake watu wanaimudu. Mie sizikatai, spea zake nyingi zinaingiliana na mafundi wanazijua, ila ujue ile nambari si lazima iwe ndio cc za injini, nyengine imeandikwa 5800, kama kwamba ni cc 58, na silinda yake ndogo kuliko hivyo. Ukinunua, siku ya kwanza kabla hujaiwasha kaza misumari na nati zote, mana zinakuja zimelegea na mtetemo unazitoa njiani. Jengine ni feki zenye jina la Stihl. Stihl ya kweli nambari yake imegongwa kwenye mwili wa mashine wenyewe, si stika tu ya kubandika, na bei haiwezi kuwa robo ya bei ya wakala. Ukiona hivyo achana nayo hata muuzaji aape.

Wengi tunanunua mtumba au ya mkononi, na hapo ndipo pa kutuliza akili. Mwambie mwenye nayo asiiwashe mpaka ufike, uikute baridi, kwa sababu mashine iliokwisha inawaka vizuri ikiwa ishapashwa, na ikiwa nzima lakini baridi inawaka kwa kuvuta mara chache. Kabla ya kuwasha ishike kwa mpini wa kamba ya stata uiwache ining'inie. Ikishuka taratibu kwa vituo vituo, kompresheni ipo, ikiporomoka moja kwa moja hadi chini basi ringi au silinda zimechoka. (Kama ina kile kitufe cha kupunguza kompresheni, usikibonyeze wakati wa jaribio hilo.) Kesha muombe afungue ekzosi, ni misumari miwili mitatu tu, umulike kwa tochi ya simu uiangalie pistoni. Ikiwa laini na inang'ara, sawa, lakini ukikuta michirizi ya kusimama imechimbika ujue ilishaendeshwa kwa petroli tupu au oili kidogo, na hapo hata ikikatwa nusu bei usiichukue. Muuzaji akikataa kufungua ekzosi na wewe kataa kununua.

Ikiwaka isikilize. Ikiwa kwenye sailensa, yaani inanguruma taratibu bila kuvutwa mafuta, cheni isizunguke kabisa. Ikizunguka, ama sailensa imepandishwa ama springi ya klachi imechoka, na mashine ya namna hio ni ya hatari. Ukiona inapanda na kushuka yenyewe bila kuguswa, huenda inavuta hewa pahala, sili zimekufa. Funga breki ya cheni kwa kukisukuma kile kingao cha mbele, uone kama inaishika cheni papo hapo. Halafu elekeza ncha ya bapa kwenye gazeti au kipande cha boksi, vuta mafuta kidogo, na lazima matone ya oili yaonekane, yasipoonekana pampu ya oili haifanyi kazi na bapa litaungua.

Kuhusu cheni niwe mkweli, watu wengi wanailaumu mashine wakati cheni ndio butu. Tizama kinachotoka, vikitoka vipande vipande cheni ni kali, ukiona unga kama wa mahindi simamisha upige tupa. Cheni ya .325 tupa yake ni milimita 4.8, ile ndogo ya 3/8 ya mashine ndogo ni milimita 4, na 3/8 kubwa ni kama 5.5, usitumie yoyote ulioiona. Na siku ya kununua cheni andika vitu vitatu, pichi (ndio hio .325 au 3/8), upana wa mfereji wa bapa, na hesabu ya meno ya chini yanayoingia ndani ya mfereji, mana watu wanataja inchi za bapa tu wanarudi nyumbani na cheni isioingia.

Mnazi unaimaliza cheni haraka, ule upande wa nje mgumu sana, na mvinje nao mgumu ukikauka, kwa hio wa minazi uwe na cheni tatu tayari. Kule maweni, Micheweni au upande wa mashariki Unguja, adui mkubwa ni jiwe, cheni ikiligusa mara moja tu makali yote yamekwenda. Gogo liweke juu ya magogo mengine, au likate mpaka karibu na chini kesha ligeuze ulimalizie juu.

Oili ya kuchanganya na petroli fuata kitabu cha mashine yako. Ikisema 50 kwa 1, lita tano unatia mililita 100, ikisema 25 kwa 1 ni mililita 200. Changanya kwenye kidumu safi, si ndani ya tangi, na mafuta yaliokaa zaidi ya mwezi usiyatie. Ukiiweka muda mrefu toa mafuta yote kwenye tangi, iwashe mpaka ijizimie, uifute na uipake oili kwenye cheni, mana hewa yetu ya chumvi inakula chuma upesi. Oili chafu iliotolewa kwenye gari usiitie ya cheni, ina vyuma vidogo vidogo vinavyolimaliza bapa na pampu.

Na ndugu zangu, wallahi hili nawaomba, bajeti ya mashine iwe na viatu vigumu, suruali nzito, miwani na vizibo vya masikio ndani yake. Usikate kwa ncha ya juu ya bapa, hapo ndipo mashine inaporuka ikamrudia mtu usoni. Usikate na makubazi. Usikate peke yako shamba ndani ambako simu haishiki.

La mwisho, kabla ya kulipa pita kwa sheha na ofisi ya misitu ya wilaya yako uulize vibali, cha mashine yenyewe na cha kukata. Zanzibar tuna Sheria ya Misitu Namba 10 ya 1996, na mti kuwa ndani ya shamba lako haimaanishi unaukata unavyotaka, mkarafuu ndio kabisa usiuguse bila ruhusa. Karatasi ya kibali na risiti ya mashine tia kwenye mfuko wa plastiki, uende navyo kila unakokwenda kukata.