Jinsi ya Kutambua Spishi za Ndege Wavumaji

Anza na mahali ulipo, kwa kuwa familia ya ndege wavumaji (kwa Kiingereza hummingbirds), yenye spishi zaidi ya 350, huishi katika mabara ya Amerika peke yake, kuanzia Alaska hadi Tierra del Fuego. Chozi wa Afrika na Asia, ingawa nao hunywa mbochi (maji matamu ya maua), si ndugu zao wa karibu. Mashariki mwa Marekani ni spishi moja tu inayozaliana, ambayo dume wake ana koo jekundu; lakini kwenye miteremko ya milima ya Andes, Amerika Kusini, hasa nchini Kolombia na Ekwado, spishi ni nyingi na utahitaji subira kubwa.

Usiharakishe kuamua kwa rangi ya koo. Mng'ao wake hutokana na umbile la ndani la manyoya linavyorudisha mwanga, hivyo koo linalowaka sasa huonekana jeusi ndege ageukapo. Subiri umwone kutoka pande kadhaa.

Mdomo ndio ushahidi ninaouamini zaidi, kwa sababu katika spishi nyingi umelingana na maua zinayoyategemea. Mdomo uliopinda pamoja na manyoya ya kahawia, chini ya miti ya msitu, mara nyingi huashiria kundi la wavumaji wa vivulini. Mdomo mrefu kuliko mwili, ukiondoa mkia, ni wa spishi moja tu duniani, ambayo huishi Andes na hufikia mbochi ndani ya maua marefu yanayoning'inia.

Kisha pima ukubwa: mvumaji mdogo wa Kuba ana uzito wa takriban gramu 2, na yule mkubwa wa Andes takriban gramu 20.