Kabla hujaiacha kazi ikiendelea kwenye seva

Programu uliyoiwasha moja kwa moja ndani ya ssh (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) imefungwa kamba na muunganisho wako. Bando likiisha, au umeme ukikatika na ruta ikazima, seva ikishagundua kuwa hupo huifunga terminali na kutuma ishara ya SIGHUP, na programu nyingi zikiipata hufa hapohapo. Ndiyo maana kazi ndefu huwekwa ndani ya tmux, programu inayoshikilia sesheni yako ya terminali hata ukiondoka, au screen ya kazi hiyohiyo ambayo ni mkongwe wa tangu 1987. Hapo programu inaishi chini ya tmux, wewe unabaki mtazamaji wa kuingia na kutoka.

Hakikisha tmux unaiwasha kwenye seva, si kwenye laptop yako. Wapo wanaoiwasha nyumbani kisha wanaingia ssh ndani yake. Laptop ikilala, kazi inakwenda nayo. Andika `hostname` kwanza ujue uko wapi. Halafu `tmux new -A -s hamisha`: sesheni yenye jina hilo kama haipo inatengenezwa, kama ipo unarudishwa humo. Kuchomoka ni Ctrl-b, achia, kisha d.

Jaribu kwa kitu kisicho na hasara. Humo washa `sleep 600`, inayosubiri tu dakika kumi, funga dirisha la terminali kibabe, ingia tena, andika `tmux ls`. Sesheni ikiwa imepotea, tazama `KillUserProcesses` kwenye /etc/systemd/logind.conf, faili la mipangilio la systemd, msimamizi wa huduma za Linux. Ikiwa ni yes, mfumo unafagia kila ulichoacha ukishatoka. Debian na Ubuntu huja na no. Usiporuhusiwa kuibadilisha, omba `loginctl enable-linger` kwa akaunti yako, inayoruhusu programu zako zibaki ukishatoka, kisha washa kwa `systemd-run --scope --user tmux`.

Sasa nafasi. `free -h`, soma safu ya available, siyo free. Memori ikiisha, kerneli (kiini cha mfumo) huchagua wa kumuua, na mara nyingi ni yule mla memori mkubwa, yaani kazi yako. Sesheni utaikuta nzima kabisa, ndani yake neno moja tu: Killed. `sudo dmesg -T` itakuonyesha saa aliyouawa. Kwenye seva ya GB 1, faili la swap (sehemu ya diski inayotumika kama memori) la GB 2 huokoa mengi, ingawa kazi itakwenda polepole. Kwa diski, tazama `df -h` na pia `df -i`, maana mamilioni ya faili ndogo humaliza inodi, yaani nafasi za kusajili faili, huku GB za wazi zikiwa bado tele.

Sehemu inayoumiza watu zaidi ni ufunguo wa ssh, ule unaokutambulisha badala ya nywila. Ukiingia kwa `ssh -A`, seva inaazima ufunguo ulio kwenye laptop yako. Umechomoka, ufunguo umeondoka nawe. Hatua mbili za kwanza zinapita vizuri, ya tatu ni `git pull` au `rsync` inayohitaji ufunguo huo kufika seva nyingine, nayo inaishia `Permission denied (publickey)`. Kazi ya usiku ipewe ufunguo wake kwenye seva, wenye ruhusa ya kusoma tu kama kusoma kunatosha. Na sudo, amri ya kupata mamlaka ya msimamizi, vilevile: Ubuntu hukumbuka nywila yako kwa dakika 15, kisha skripti inasimama ikisubiri uiandike, na inaweza kusubiri hadi asubuhi.

tmux hutunza mistari 2000 tu ya nyuma, kwa hiyo kosa la usiku wa manane utalikuta limeshasukumwa nje. Elekeza maandishi ya programu kwenye faili (hapa hamisha.py ni mfano wa skripti yako):

`set -o pipefail`
`python3 -u hamisha.py 2>&1 | tee -a hamisha.log`

Bila `-u`, Python hushikilia maandishi hadi yajae ndipo iyatoe, na faili litaonekana tupu wakati kazi inaendelea. Bila `pipefail`, jibu la mwisho ni la tee, amri inayonakili maandishi kwenye faili, na tee husema kila kitu salama hata programu ikiwa imeanguka. Ukisoma saa kwenye logi, kumbuka seva nyingi ziko UTC (saa ya kimataifa): 23:00 hapo ni saa nane usiku kwa Dar es Salaam na Nairobi.

Seva ikiwashwa upya, hakuna tmux itakayosalia. Kwenye Ubuntu angalia kama faili /var/run/reboot-required lipo, uwashe upya mwenyewe kabla ya kuanza. Na kama ni boti au tovuti inayotakiwa kuwa hewani siku zote, tmux si mahali pake; iandikie huduma ya systemd yenye `Restart=on-failure`.

Ukirudi na kukuta skrini imebanwa kwenye pembe, huenda simu yako bado imeingia humo: `tmux attach -d -t hamisha` huitoa. Ikiwa imeganda kabisa na haipokei herufi, huenda mkono uligusa Ctrl-s. Bonyeza Ctrl-q kabla hujaua chochote.